Nimeletewa simu janja na watoto, nianzie wapi?

Swali: Mimi ni mama wa miaka 61, mkulima wa viazi huku Njombe. Wanangu wamenitumia simu ya Android kutoka Dar es Salaam, bado iko ndani ya boksi. Miaka yote nimetumia kitochi: kupiga, kupokea na M-Pesa, basi. Fundi wa mjini anasema atanifungulia kila kitu pamoja na WhatsApp kwa shilingi elfu kumi, na mjukuu wangu wa kidato cha pili anasema nimwachie yeye. Mimi nataka nijue mwenyewe. Nianze na nini, na nikibonyeza pabaya itaharibika?

Jibu: Shikamoo mama. Niondoe kwanza hofu hiyo ya mwisho, maana ndiyo inayowafanya wengi waiache simu kabatini. Simu haiharibiki kwa kubonyezwa. Ukifungua kitu usichokielewa, unarudi nyuma. Ukipotea kabisa, unarudi mwanzo na kila kitu kiko palepale. Kinachoua simu ni maji, kuanguka, joto na chaja mbovu. Na kinachomwumiza mwenye simu ni namba ya siri aliyompa mtu, au programu aliyoipakua bila kujua ilikotoka.

Fundi na mjukuu wakusaidie, hakuna ubaya. Ila simu iwe mkononi mwako, na mambo matatu uyafanye kwa kidole chako mwenyewe: kufungua akaunti ya Google, kuweka namba ya siri ya kioo, na kupokea tarakimu za kufungulia WhatsApp. Mwenye vitu hivyo vitatu ndiye mwenye simu, hata kama risiti ina jina lako.

Kabla ya kuiwasha, shughulikia laini na majina. Kitochi chako huenda kinatumia kadi kubwa. Simu mpya inataka ile ndogo kabisa, yenye upana wa milimita 12.3 kwa 8.8. Laini za miaka ya karibuni zimechongwa tayari kwa saizi tatu, unaisukuma kwa kidole gumba inatoka. Kama yako ni ya zamani isiyochongwa, usikubali ikatwe kwa mkasi. Nenda kwenye duka la mtandao wako na namba yako ya NIDA, watakupa kadi mpya yenye namba ileile ya simu. Lakini sikiliza hapa: majina yaliyohifadhiwa kwenye kadi ya zamani hayahami kwenda kadi mpya. Na yale yaliyohifadhiwa kwenye kitochi chenyewe hayahami hata ukihamisha kadi. Kwa hiyo fungua sehemu ya majina kwenye kitochi, tafuta neno la kunakili, nakili kutoka simu kwenda laini. Kadi ya kawaida hubeba majina kama 250 na hukata majina marefu, hivyo “Mama Upendo wa Makambako” anaweza kubaki “Mama Upendo wa”. Kama laini lazima ibadilishwe, andika namba muhimu kwenye daftari kwanza, na kitochi usikigawe mpaka umehakikisha majina yote yako kwenye simu mpya.

Trei ya laini hufunguliwa kwa pini iliyomo kwenye boksi. Angalia vizuri tundu unalochoma: la trei liko ndani ya mchoro mwembamba wa kifuniko, ubavuni mwa simu. Tundu dogo lililo peke yake, mara nyingi chini karibu na pa kuchajia, ni maikrofoni. Ukilichoma hilo, watu watakuwa hawakusikii, na hutajua kwa nini. Weka laini simu ikiwa imezimwa, ule upande wenye shaba ukielekea chini kama trei ilivyochorwa, na usilazimishe.

Chaji: yale ya kuambiwa simu mpya ichajiwe saa nane kabla ya kutumika yalikuwa ya betri za zamani. Betri za sasa ni za lithiamu. Washa simu hata ikiwa na asilimia 40, na chaji pale itakapohitaji. Haipendi kushushwa hadi sifuri kila siku wala kupata joto, kwa hiyo isichajiwe chini ya mto, juani, wala ndani ya kava zito ikiwa inachemka. Tumia chaja iliyokuja nayo. Betri yenye ukubwa wa 5,000 mAh kwa chaja ya wati 10 huchukua karibu saa tatu kujaa, na hilo ni kawaida. Kama ncha ya waya ni ile bapa ya mviringo, inaingia pande zote mbili; kama upande mmoja ni mpana kuliko mwingine, itazame kabla ya kusukuma. Tundu la chaji linalolegea mara nyingi limeharibiwa kwa waya uliolazimishwa kinyume.

Sasa washa. Bonyeza kitufe cha ubavuni ukishikilie sekunde tatu hadi tano. Jambo la kwanza utakaloulizwa ni lugha. Chagua Kiswahili. Vijana watakuambia Kiingereza ndicho kizuri, lakini onyo la simu usilolielewa ni sawa na onyo ambalo hukupewa. Baadaye itakuuliza mtandao wa intaneti. Hatua za mwanzo pamoja na masasisho (maboresho ya simu na programu zake) zinaweza kula hata GB 1 au zaidi, kwa hiyo kama kuna mtoto au jirani mwenye Wi-Fi, fanyia kwake; kama hakuna, tumia bando lako na ahirisha masasisho. Ukiulizwa kama unataka kunakili vitu kutoka simu nyingine, kataa, maana kitochi hakina cha kunakiliwa kwa njia hiyo.

Kisha inakuja akaunti ya Google, na hapa nitakaa kidogo.

Akaunti ndiyo hati ya nyumba yako. Humo majina yako ya simu yanahifadhiwa, picha zako pia ukiruhusu, na humo ndimo duka la programu linapokutambua. Zaidi ya hapo, tangu Android 5.1 ya mwaka 2015 kuna ulinzi huu: simu ikifutwa yote kwa vitufe vya pembeni, ikiwaka tena inadai akaunti iliyokuwemo au namba ya siri ya kioo. Uliwekwa ili mwizi asifaidi. Ila unamfunga vilevile mwenye simu ambaye akaunti yake ilifunguliwa na mtu mwingine. Wapo mafundi wanaotumia anwani moja ya barua pepe kwenye simu za wateja wao wote, kwa sababu ni haraka. Matokeo yake majina ya wateja yanachanganyika, picha zako zinaweza kwenda kuhifadhiwa kwenye akaunti ya mtu usiyemjua, na mwenye akaunti hiyo anaweza kuona simu yako iko wapi, kuifunga, hata kuifuta akiwa mbali. Mwaka ukipita, ukisahau namba ya siri na fundi amehama, simu inakuwa kipande cha kioo. Elfu kumi hiyo ingekuwa ghali mno.

Kuifungua si kazi. Gusa “Fungua akaunti”, kisha matumizi binafsi. Andika majina yako. Tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli, ile ya kwenye kitambulisho. Ukiweka mwaka wowote tu ikakuona mtoto, itakufungia huduma. Itakupendekezea anwani mbili tatu za Gmail, chagua inayokumbukika. Nenosiri liwe na herufi nane au zaidi. Maneno matatu ya Kiswahili yasiyohusiana, yakifuatana na tarakimu mbili, ni magumu kubahatishwa na mepesi kukumbukwa. Jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa usitumie, kila anayekufahamu atalijua. Ukiombwa namba ya simu, weka yako, ile unayohakikisha hutaiacha, maana siku ukisahau nenosiri njia ya kurudi inapita hapo. Anwani na nenosiri viandike kwenye daftari linalokaa nyumbani. Wataalamu wengine watakukataza kuandika. Mimi nasema andika, mradi daftari lisitembee na simu. Kusahau nenosiri hutokea mara nyingi kuliko daftari la kabatini kuibwa.

Na kama mjukuu keshaiwasha akaweka akaunti yake? Usifute simu. Ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya manenosiri na akaunti, uone ni anwani gani iliyomo. Ongeza yako kwanza, kisha gusa ya kwake na uchague kuiondoa, naye akiwepo. Simu hukubali akaunti mbili kwa wakati mmoja, hivyo hakuna kitakachokatika.

Baada ya akaunti utawekewa ulinzi wa kioo. Chagua PIN ya tarakimu sita. Mchoro wa kuunganisha nukta huacha alama ya mafuta ya kidole juu ya kioo, na aliye nyuma yako kwenye daladala anauona kwa urahisi. Ukitaka alama ya kidole, weka, lakini mikono ya jembe husuguliwa mpaka mistari ikafifia, na simu inaweza kukukataa kama mashine za kusajilia laini zinavyowakataa wengi. Dawa yake: sajili kidole kilekile mara mbili kama vidole viwili tofauti, au tumia kidole kisichofanya kazi nzito. PIN hata hivyo itabaki kuhitajika, kwa sababu simu ikizimwa na kuwashwa haikubali kidole mpaka PIN iingizwe.

Mwisho wa hatua hizo watengenezaji wengi huleta orodha ya michezo na programu za kupakua. Ondoa alama zote za vema, endelea. Ukishafika ndani, fungua kibonyezo cha kupigia, andika *#06#. Itatokea namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu yenyewe, ya tarakimu 15, mbili kama simu ina laini mbili. Zilinganishe na za kwenye boksi, ziandike daftarini, kisha tuma moja kwa ujumbe kwenda 15090. Utajibiwa ni simu ya aina gani. Jibu likitaja simu nyingine kabisa, wapigie watoto ili irudishwe dukani wakati risiti ingali mpya. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima, kwa hiyo ukaguzi huu una maana.

Majina sasa. Fungua programu ya Anwani, ingia mipangilio yake, tafuta kuleta majina kutoka SIM, na ukiulizwa yahifadhiwe wapi, chagua akaunti yako ya Google. Kuanzia hapo hata simu ikitumbukia kisimani, majina yapo.

Kugusa kuna namna nne tu. Kugusa mara moja na kuachia ni kufungua. Kugusa na kushikilia ni kuita machaguo zaidi. Kuburuta ni kusogeza ukurasa. Kutanua kwa vidole viwili ni kukuza picha. Kosa la wanaotoka kwenye kitochi ni kubonyeza kwa nguvu na kukawia. Simu inadhani umeshikilia, inaleta vitu ambavyo hukuvitaka. Gusa kama unayepima joto la pasi. Ukiona bado inatokea, ingia Mipangilio, sehemu ya ufikivu, uongeze muda wa kugusa na kushikilia uwe mrefu. Kioo hiki husikia umeme mdogo wa mwilini kupitia ncha ya kidole, hivyo ukucha haufanyi kazi, glavu wala kidole chenye unga au udongo uliokauka havisikiki, na asubuhi za baridi za Njombe ngozi ikikauka itakubidi uguse mara mbili. Kioo chenye matone ya maji hujigusa chenyewe, kifute kwanza.

Chini ya kioo weka vitufe vitatu: pembetatu inayorudisha nyuma, duara la kwenda mwanzo, mraba wa kuonyesha vilivyo wazi. Simu nyingi mpya hazivionyeshi, zinataka uburute kutoka ukingoni, na hapo ndipo wageni wanapokwama. Ingia Mipangilio, Mfumo, Ishara, chagua vitufe vitatu. Kwenye Samsung chaguo hilo liko chini ya mipangilio ya skrini, na kitufe cha kurudi kiko kulia. Ukiwa humohumo kwenye mambo ya skrini, ongeza ukubwa wa maandishi hatua mbili. Macho ya miaka 61 yasilazimishwe kusoma herufi za mtoto wa miaka 20.

Kuandika ndiko kunakokatisha tamaa zaidi, kwa sababu kibodi inageuza Kiswahili chako kuwa Kiingereza: unaandika “sawa”, inaweka neno lake. Kama kibodi ni ya Google, shikilia kitufe cha mkato, ingia mipangilio yake, ongeza Kiswahili kwenye lugha, kisha zima usahihishaji wa moja kwa moja. Tena kuna njia nyepesi: gusa alama ya maikrofoni juu ya kibodi, useme, nayo itaandika. Kiswahili kinaeleweka humo tangu 2017. Inahitaji intaneti na inakosea majina ya watu, lakini “viazi viko tayari gunia ishirini njoo kesho” itaandika bila shida.

M-Pesa isikusumbue: *150*00# inafanya kazi kwenye simu hii kama kwenye kitochi, bila intaneti na bila programu yoyote. Kuna programu ya mtandao yenye picha nzuri, ila anza na uliyoizoea. Tofauti ni moja, kioo ni kikubwa, aliye jirani anaona unachoandika. Simu ikiwa na laini mbili, itakuuliza utumie ipi. Soma jina la mtandao kabla ya kugusa.

WhatsApp ipakue kutoka Duka la Google Play peke yake, iliyotengenezwa na WhatsApp LLC. Zile WhatsApp za kuiga zinazoitwa GB WhatsApp na majina kama hayo, zinazorushwa kwa mjukuu na rafiki yake, ziache. Wenyewe WhatsApp hufungia akaunti za wanaozitumia. Ukiifungua itaomba namba yako ya simu, kisha utaletewa ujumbe wenye tarakimu sita. Tarakimu hizo unaziandika kwenye simu yako, basi. Mtu yeyote atakayekuja kuziomba baadaye, awe mwanao, mchungaji, au anayejiita wa huduma kwa wateja, anataka kuichukua WhatsApp yako. Akiipata ataanza kuwaandikia ndugu zako kwa jina lako akiomba hela, na watatuma kwa sababu wanakuamini. Kwa hiyo siku hiyohiyo ingia Mipangilio ya WhatsApp, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN yako ya tarakimu sita tofauti na ya M-Pesa. Hata tarakimu zikivuja, bila PIN hiyo hawaingii.

Ukiwa kwenye mipangilio hiyo, nenda hifadhi na data, uondoe upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti na video unapotumia data ya simu. Kundi moja la ukoo lenye watu sabini linaweza kukumaliza bando kabla ya saa sita mchana kwa video za salamu. Ukishaondoa, picha itakuja na ukungu. Unaigusa ile unayoitaka.

Hilo linatuleta kwenye bando. Watu husema simu janja inakula bando usiku, na ni kweli, inakula hata ukiwa umelala, kwa sababu programu zinajisasisha na picha zinahifadhiwa mtandaoni. Fanya mambo matatu. Kwenye Duka la Google Play, mipangilio, mtandao, weka masasisho yafanyike kwa Wi-Fi tu. Kwenye Mipangilio ya simu, mtandao na intaneti, washa Kiokoa Data. Na jioni buruta kutoka juu ya kioo kwenda chini, zima data. Ni muhimu uzime bando linapoisha pia, maana salio lako la kawaida linaweza kuliwa. Ili ujue unachonunua: simu ya sauti ya WhatsApp hutumia karibu nusu MB kwa dakika, ya video mara kumi ya hapo au zaidi. Video za YouTube ndizo mlaji mkubwa. Saa moja kwa ubora wa 480 ni karibu nusu GB, kwa ubora wa 144 ni karibu MB 100, na kwa kusikiliza mahubiri au kwaya hiyo ya 144 inatosha kabisa. Unaichagua kwenye gurudumu dogo juu ya video.

Sasa ruhusa. Kila programu mpya itakuuliza: ruhusu isome majina, ipige picha, isikie sauti, ijue ulipo. Usiguse “ruhusu” kwa mazoea. Jiulize kazi ya programu hiyo inahitaji nini. WhatsApp inahitaji majina, sawa. Tochi haihitaji majina yako, na tena simu ina tochi yake ukiburuta kutoka juu. Programu za mikopo ya haraka ndizo za kuogopwa zaidi: zinaomba majina yote, na ukichelewa siku moja wanawapigia ndugu, wateja na mwenyekiti wa kijiji kukudhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zinazoendeshwa bila kibali. Usiziguse, hata likitokea tangazo lenye nembo ya serikali. Vilevile faili linaloishia na .apk, likitumwa kwenye WhatsApp kwa jina la mwaliko wa harusi au picha, usilifungue. Picha haiombi kusakinishwa.

Ule ujumbe wa “ile hela tuma kwenye namba hii” unaujua tangu kitochi. Kwenye simu hii utakuja na sura nyingine: umeshinda zawadi, gusa kiungo hiki, laini yako itafungwa, taja namba iliyoingia sasa hivi. Usijibu. Namba ya tapeli iripoti kupitia 15040. Na andika *106# angalau mara moja kwa miezi kadhaa, uone laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ifutwe.

Haya ni matatizo utakayokutana nayo wiki za kwanza, ili usimlipe mtu bure.

Simu haiiti: sauti ya mlio na sauti ya video ni vitu viwili. Bonyeza kitufe cha sauti, gusa alama ndogo itakayotokea, uone mlio umeshushwa au umewekwa mtetemo. Ukikuta “Usinisumbue” imewashwa, izime. Kioo kinakuwa cheusi ukiongea: ni kawaida, kuna kihisi karibu na spika ya juu kinachozima kioo kisiguswe na shavu. Kisipowaka ukishaitoa sikioni, protekta ya kioo imekifunika au kuna jasho. Futa, na ikibidi ibandue. Simu inataja kwa sauti kila unachogusa na haifunguki kwa mguso mmoja: kisaidizi cha wasioona kimewashwa kwa bahati mbaya, bonyeza vitufe vyote viwili vya sauti kwa pamoja sekunde tatu. Simu haizimiki, inaleta msaidizi wa sauti: bonyeza kitufe cha kuwashia pamoja na cha kuongeza sauti (kwenye Samsung, cha kupunguza sauti, ushikilie). Imeganda kabisa: shikilia cha kuwashia pamoja na cha kupunguza sauti mpaka iwake upya, inaweza kuchukua sekunde 15 au zaidi.

Matangazo yanayojitokeza kioo kizima hata hujafungua kitu ni tatizo lingine, nalo si virusi vya ajabu. Ni programu uliyoipakua siku za karibuni, mara nyingi ya kusafisha simu, ya tochi au ya kibodi yenye rangi. Bonyeza mraba mara tu tangazo linapotokea, utaona jina la programu iliyolileta; shikilia alama yake, iondoe. Programu za “kuongeza kasi ya simu” usipakue kamwe, zinafanya kinyume. Simu ikijaa, ondoa video za WhatsApp zilizorudiwa. Humo ndimo nafasi inapoishia, hasa kwenye simu ya GB 32 ambayo sehemu kubwa imeshachukuliwa na mfumo wenyewe.

Bado kuna laini. Ingia Mipangilio, usalama, utafute kufunga SIM kwa PIN. PIN ya awali imo kwenye kadibodi iliyobeba laini yako, mara nyingi 0000 au 1234, ibadilishe. Ukikosea mara tatu itadai PUK, namba ya kufungulia laini, ya tarakimu nane iliyo kwenye kadibodi hiyohiyo, na PUK ikikosewa mara kumi kadi inakufa, kwa hiyo usibahatishe, wapigie mtandao wako. Faida yake ni hii: mwizi akiitoa laini yako na kuiweka kwenye simu yake, haitapokea tarakimu zozote, wala hataiona menyu ya M-Pesa.

Ikitokea ikaibwa au ikapotea, fuata mpangilio huu bila kusubiri kesho. Kwanza azima simu, pigia huduma kwa wateja wa mtandao wako, laini na akaunti ya pesa vifungwe. Pili, kwenye simu ya mtu unayemwamini, fungua google.com/android/find, ingiza anwani na nenosiri lile la daftarini. Ikiwa simu iko hewani utaiona ilipo, utaweza kuifanya ilie hata kama imenyamazishwa, kuifunga, au kuifuta. Usiende peke yako mahali ilipoonekana. Tatu, chukua namba za IMEI daftarini, nenda polisi upate taarifa ya upotevu. Nne, na NIDA yako, rudisha laini kwenye kadi mpya. Ukishaipata, sakinisha WhatsApp kwenye simu nyingine, tarakimu sita zitakuja kwako, uweke na PIN yako ya hatua mbili, na ile iliyokuwa kwenye simu iliyoibwa itatoka yenyewe.